Je, Maziwa Yanapunguza Nguvu za Kiume? Jibu kwa Wafugaji Walioanza Kuogopa Maziwa Yao

 

Mada ya leo sikuipanga. Nilikuwa nimeandaa somo la kuhifadhi mabingobingo kwa ajili ya kiangazi, nalo litakuja. Lakini ndani ya wiki tatu nimeulizwa swali moja na wanaume wanne tofauti, na wote wameniuliza kwa kunong'ona. Wa kwanza alinivuta pembeni kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Wa pili alisubiri mpaka mkewe ameingia ndani. Swali lenyewe ni hili: "Bwana mifugo, hivi ni kweli maziwa yanamaliza nguvu za kiume?"

Chanzo ni klipu inayozunguka kwenye simu. Jamaa anaongea kwa kujiamini kweli. Anasema ng'ombe ni mama, maziwa yake yamejaa homoni za kike, kwa hiyo mwanaume anayekunywa anageuka taratibu: ndevu zinapungua, kifua kinaota matiti, na chumbani mambo yanakwisha. Nimeiangalia mara mbili. Ingekuwa uongo mtupu ningeicheka nikaendelea na kazi zangu. Tatizo ni kwamba kuna ukweli kidogo ndani yake, umeongezwa maji mengi. Ni kama yale maziwa ambayo kwa macho ni meupe, lakini ukitumbukiza laktomita yanakataa.

Basi leo tutumbukize laktomita kwenye hili jambo.

Nyumba iliyoacha maziwa

Kati ya wale wanne, mmoja ndiye aliyenifanya niandike. Jina lake silitaji, na nimemwomba ruhusa ya kusimulia, akakubali. Ana miaka thelathini na kitu, anafugia bandani ng'ombe wawili chotara wa Friesian, huku kwetu Rungwe. Nilipita kwake asubuhi moja nikamkuta mkewe anamimina maziwa yote kwenye ndoo ya kupeleka kituoni, hata kikombe kimoja hakibaki. Mtoto wao wa miaka mitano amekaa kizingitini na chai ya rangi.

"Shikamoo, bwana mifugo."

"Marahaba. Mbona leo nyumba ya wafugaji inakunywa chai ya rangi?"

Akacheka kidogo, akanipeleka nyuma ya banda. Akasema ameacha maziwa mwezi wa pili sasa, na mtoto wa kiume naye amemwachisha, asije akaharibika mapema. "Mtoto wa pili tunamtafuta, mwaka wa tatu huu. Mama watoto amepimwa, hana tatizo. Nikajiuliza, sasa tatizo ni nini? Nikaona ile klipu. Mimi maziwa nimekunywa tangu mdogo, tena ya moto moto, yametoka kwenye kiwele."

Nikamuuliza, "Na tangu umeacha, unaona mabadiliko?"

"Bado, dokta. Tena ndo mwili unachoka zaidi."

Hilo neno la mwisho lishike, ndugu msomaji. Tutalirudia. Kwanza tujibu swali lake.

Ni kweli, maziwa yana homoni

Hapa yule jamaa wa klipu hajadanganya. Maziwa ya ng'ombe, ya mbuzi, ya ngamia, hata ya mama anayenyonyesha, yote yana homoni. Homoni ziko kwenye damu, na maziwa yanatengenezwa kutokana na damu, kwa hiyo lazima kiasi fulani kipite. Zinazozungumzwa sana ni mbili: estrojeni na projesteroni.

Sisi wataalamu wa mifugo hilo tunalitumia kazini. Kuna kipimo cha projesteroni kwenye maziwa ambacho hufanywa kama siku 21 hadi 24 baada ya kuhimilisha. Projesteroni ikiwa chini, ng'ombe hakushika mimba. Ikiwa juu, kuna dalili kwamba ameshika. Maziwa yasingekuwa na homoni, kipimo hicho kisingekuwepo.

Kuna jambo jingine la kweli. Ng'ombe hubeba mimba kwa siku 283 hivi. Sisi humpandisha akiwa bado anakamuliwa, na tunaendelea kumkamua mpaka tunapomkausha, kama siku 60 kabla ya kuzaa. Kwa hiyo maziwa mengi tunayokunywa yametoka kwa ng'ombe mwenye mimba. Na kadiri mimba inavyokua, estrojeni kwenye maziwa inapanda. Aina moja iitwayo estrone salfeti imepimwa muda mrefu: kwa ng'ombe asiye na mimba iko kama nanogramu 30 kwa lita, na mimba ikifika siku 220 hivi inafika kama nanogramu 1,000 kwa lita. Hiyo ni zaidi ya mara 30.

Tena usidhani ukichemsha zinaondoka. Moto wa jikoni unaua vijidudu, lakini homoni hizi zinavumilia joto. Projesteroni na baadhi ya estrojeni hupenda kukaa kwenye mafuta, ndiyo maana krimu na siagi hubeba zaidi kuliko maziwa yaliyoenguliwa.

Kwa hiyo zipo. Swali la mfugaji mwenye akili ni lile lile tunalouliza kwenye mbolea au dawa ya kuogeshea: ni kiasi gani?

Tupige hesabu

Chukua gramu moja ya sukari, chini ya nusu kijiko cha chai. Igawe sehemu bilioni moja. Sehemu moja hapo ndiyo nanogramu.

Sasa chukua yale maziwa yenye estrone salfeti nyingi kuliko yote, ya ng'ombe anayekaribia kukaushwa: nanogramu 1,000 kwa lita. Wapo wanawake waliokoma hedhi wanaopewa vidonge vya estrojeni na daktari. Kidonge kimoja kinachotumika sana kina miligramu 0.625, na zaidi ya nusu yake ni hiyo hiyo estrone salfeti. Ili mwanaume apate kwenye maziwa kiasi kilichomo ndani ya kidonge kimoja, itabidi anywe zaidi ya lita 300. Siyo kwa mwezi. Kwa siku moja! Hata ng'ombe wa maonyesho ya Nane Nane hatoi hayo.

Tuangalie na estrojeni kali zaidi, estradioli. Mwaka 1999 kamati ya wataalamu wa FAO na WHO iliweka kiwango ambacho mtu anaweza kula kila siku maisha yake yote bila madhara: nanogramu 50 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwanaume wa kilo 70 anaruhusiwa nanogramu 3,500 kwa siku. Maziwa ya ng'ombe, hata kwa vipimo vilivyotoa namba za juu, yana makumi machache ya nanogramu za estradioli kwa lita. Vipimo vingine vimekuta hata nanogramu moja haifiki.

Na hapa kuna jambo ambalo wanaume wengi hawalijui. Mwili wa mwanaume wenyewe unatengeneza estrojeni. Ndiyo, wewe na ndevu zako! Unatengeneza makumi ya mikrogramu kila siku, yaani makumi ya maelfu ya nanogramu, na unaihitaji ili mifupa iwe imara. Kilichomo kwenye kikombe cha maziwa ni tone kwenye pipa ambalo mwili umeshalijaza wenyewe. Halafu sehemu kubwa ya lile tone inavunjwa na ini kabla haijafika popote.

Watafiti wa Slovenia walilipima hili kwa panya, matokeo yakatoka 2016. Waliwapa panya maziwa ya ng'ombe mwenye mimba kwa siku 8. Homoni za panya, madume kwa majike, hazikubadilika. Wakaongeza estrojeni kwenye maziwa mpaka kama mara 100 ya kawaida, bado. Walipofikisha kama mara 1,000 ndipo testosteroni ya madume ikashuka.

Mbona kuna utafiti uliosema testosteroni ilishuka?

Upo, na nisipousema mtaniambia nimeficha. Ulifanyika Japani, ukachapishwa 2010. Wanaume 7 walikunywa maziwa mengi kwa mkupuo, kama lita moja kwa mtu mzima wa kawaida, kisha wakapimwa damu kwa saa 2. Estrojeni na projesteroni kwenye damu zilipanda, na testosteroni ikashuka. Klipu nyingi za namna ile zimezaliwa hapo.

Lakini soma namba tena: watu 7, saa 2. Testosteroni haikai mahali pamoja mchana kutwa. Asubuhi iko juu, jioni iko chini, na ukila au ukinywa kitu kitamu inashuka kwa muda. Utafiti mwingine wa 2013 uliwapa wanaume 74 maji yenye gramu 75 za glukosi, bila tone la maziwa, na testosteroni yao ikashuka kwa asilimia 25 hivi, kisha masaa yakapita. Ndiyo maana ukienda kupima homoni hii unaambiwa uje asubuhi na usile kitu. Kushuka kwa saa mbili baada ya kushiba siyo kupungukiwa uanaume.

Kuhusu mbegu za kiume, tafiti za Marekani hazijakubaliana. Moja iliwapima vijana 189 na kukuta waliokula sana maziwa yenye mafuta mengi walikuwa na mbegu zenye mwendo hafifu kidogo. Nyingine, kwa wanaume waliokuwa wakitafuta matibabu ya uzazi, ilikuta wanaotumia maziwa yenye mafuta kidogo wana mbegu nyingi zaidi na zenye mwendo mzuri. Kwa mtu anayekunywa nusu lita kwa siku pamoja na ugali, mboga na maharage, sioni hapo sababu ya kumwaga maziwa. Nusu lita hiyo inakupa kama miligramu 600 za kalsiamu, zaidi ya nusu ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku, na gramu 16 hivi za protini. Kwa mtoto wa miaka mitano faida yake hata sina haja ya kueleza.

Vinavyoshusha testosteroni kweli

Hivi havitengenezewi klipu kwa sababu havifurahishi kusikia:

- Kitambi. Mafuta ya mwilini yanageuza testosteroni kuwa estrojeni. Kama kuna kiwanda cha homoni za kike ndani ya mwanaume, kiko tumboni kwake, siyo kwenye kikombe.
- Kukosa usingizi. Vijana 10 walilala saa 5 tu kwa usiku kwa wiki moja, utafiti wa Marekani wa 2011. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wewe unayekesha kilabuni halafu saa kumi alfajiri unakamua, jihesabie mwenyewe.
- Pombe nyingi. Inaumiza korodani na inaumiza ini. Ini likichoka, estrojeni haiondolewi vizuri, na hapo ndipo mwanaume anaweza kuota matiti kweli.
- Kisukari, pamoja na baadhi ya dawa. Kama unatumia dawa na umeona mabadiliko, usiache mwenyewe. Mweleze daktari.

Kumbe tatizo lilikuwa bandani

Sasa turudi kwa yule ndugu yetu. Nilimpigia hesabu hizi hizi pale nyuma ya banda, kwa kijiti ardhini. Akaelewa. Lakini lile neno lake, "mwili unachoka zaidi," lilikuwa linanisumbua.

Nikamuuliza, "Unachoka vipi?"

Akasema homa za jioni zinakuja na kuondoka, jasho usiku mpaka shuka linalowa, viungo na kiuno vinauma. Amekunywa dawa za malaria mara tatu mwaka huu, na za taifodi mara moja. Kisha akatazama pembeni. "Na huku chini, dokta, upande mmoja ulivimba. Ukauma wiki mbili. Nikaona aibu kwenda, ukapungua wenyewe."

Mwili ulinisisimka, maana banda lile nalifahamu. Ng'ombe wake mkubwa alimnunua mnadani bila kipimo chochote. Mwaka wa kwanza alitupa mimba ya miezi saba. Baadaye akatupa nyingine. Ile ya pili alinipigia simu, nikamwambia azike kijusi na amwangalie ng'ombe kama kondo limetoka. Basi. Sikwenda kuchukua damu ya ng'ombe. Sikumuuliza nani alilivuta kondo lile, wala kwa mkono gani. Kumbe alilivuta yeye, mikono mitupu, ana michubuko ya panga, na jioni ile ile akanywa kikombe chake cha maziwa mabichi kutoka kwa ng'ombe yule yule. Hilo ni kosa langu na naliandika hapa ili na maafisa wenzangu walisome.

Nilichukua damu ya ng'ombe wote wawili, na yeye nikamwandikia barua aende nayo hospitali aombe kipimo cha brusela. Ng'ombe mkubwa alikuwa nao. Yeye alikuwa nao.

Brusela ni ule ugonjwa wa kutupa mimba. Kwa binadamu huitwa pia homa ya Malta. Jina hilo limetoka kwenye kisiwa cha Malta, ambako askari wa Kiingereza waliugua homa zisizoisha. Daktari David Bruce alikiona kijidudu chake mwaka 1887. Mwaka 1905 daktari wa Kimalta, Themistocles Zammit, akagundua kwamba kinatoka kwa mbuzi waliokuwa wakikamuliwa mlangoni kwa mlangoni. Mwaka 1906 jeshi likapiga marufuku maziwa mabichi ya mbuzi, na homa kambini ikaporomoka. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na sisi bado tunakunywa ya moto kutoka kwenye kiwele.

Sasa sikiliza, wewe uliyeniuliza kwa kunong'ona. Mfugaji yeyote anajua dume la ng'ombe likipata brusela korodani zinavimba na linaweza kushindwa kuzalisha. Mwanaume naye ni hivyo hivyo. Si kila anayeugua, lakini kwa baadhi ya wanaume kijidudu kinaingia kwenye korodani na mirija yake, mara nyingi upande mmoja, panavimba na kuuma, na kisipotibiwa kinaweza kuharibu uzalishaji wa mbegu na homoni yenyewe ya kiume.

Kwa hiyo yule jamaa wa klipu alikaribia. Ndani ya kikombe cha maziwa kinaweza kuwemo kitu cha kumdhuru mwanaume, ila siyo homoni ya ng'ombe. Ni kijidudu. Na hiki, tofauti na homoni, moto wa jikoni unakimaliza.

Fanya haya kuanzia leo

1. Chemsha maziwa yote ya kunywa. Viwandani hupasha nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, inatosha kuua brusela. Wewe nyumbani huna kipimajoto, kwa hiyo subiri yachemke kweli na kupanda, huku ukikoroga. Utando wa juu peke yake siyo dalili kwamba yamechemka.
2. Mtindi nao utoke kwenye maziwa yaliyochemshwa. Uchachu peke yake siyo kinga ya kutegemea. Chemsha, yapoe mpaka uvuguvugu, tia kimea cha mtindi uliopita uliotengenezwa kwa usafi. Utaganda vizuri tu.
3. Ng'ombe akitupa mimba, usiguse kwa mikono mitupu. Vaa glavu ndefu. Huna? Funga mifuko ya nailoni mikononi, lakini bora umwite mtaalamu. Kijusi na kondo chimbia shimo refu, tia chokaa, fukia. Usimpe mbwa. Wajawazito na watoto wasikaribie.
4. Mtenge ng'ombe huyo na mwite mtaalamu achukue damu. Ng'ombe mwenye brusela mara nyingi hutupa mimba mara moja, kisha anazaa kawaida na anaonekana mzima kabisa, huku anamwaga vijidudu kwenye maziwa na kwenye maji ya uzazi. Huyo ndiye hatari kuliko wote.
5. Ukinunua ng'ombe, nunua na kipimo. Mnadani utaambiwa "huyu hana shida". Gharama ya kipimo ni ndogo kuliko gharama ya ng'ombe, na ni ndogo mno kuliko yaliyomkuta ndugu yetu.
6. Ulizia chanjo kwa ndama majike. Ipo, hutolewa mapema kabla hawajapandishwa, na hutolewa na mtaalamu tu, kwa sababu ni chanjo hai na inaweza kumwambukiza mtu. Ng'ombe mwenye mimba hachanjwi kienyeji.
7. Homa isiyoisha, mwambie daktari kwamba unafuga. Sema wazi: nafuga, nakunywa maziwa mabichi, ng'ombe wangu alitupa mimba. Sentensi hiyo moja inaweza kukuokolea mwaka mzima wa dawa za malaria. Matibabu ya brusela ni dawa zaidi ya moja kwa pamoja, kwa wiki 6 au zaidi. Usikatishe ukijisikia nafuu wiki ya pili, ugonjwa unarudi.

Alipofikia sasa

Alimaliza dawa zake. Homa zimekwisha, na jasho la usiku limekwisha. Mkewe na mtoto walipimwa pia, wako salama. Yule ng'ombe mkubwa ilibidi aende machinjioni chini ya ukaguzi wa nyama. Alikuwa anatoa lita 9 kwa siku, ndiye aliyekuwa analipa ada za shule za wadogo zake, na hakuna aliyemlipa fidia. Nilikuwepo siku anapakiwa. Mama watoto aliingia ndani, hakutaka kuona.

Mtoto wa pili bado. Daktari amemwambia apime mbegu tena baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa huchukua muda mwili kujenga upya, na kwamba haiwezekani kusema kwa uhakika kama brusela ndiyo ilikuwa sababu yote. Mimi siwezi kuahidi kitu ambacho daktari hajaahidi.

Ninachoweza kuwaambia ni hiki. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai. Ndugu huyu alificha uvimbe kwa aibu, akakimbilia klipu, na klipu ikamwambia aache kitu kinachomjenga mtoto wake, huku kilichokuwa kinamuumiza kikabaki bandani kinacheua. Miezi miwili amekaa bila maziwa, na miezi miwili hiyo ugonjwa ukaendelea.

Juzi nilipita tena. Ng'ombe aliyebaki anatoa lita 6. Lita 4 zinakwenda kituoni, lita 2 zinabaki nyumbani. Sufuria ilikuwa jikoni, maziwa yamepanda mpaka ukingoni, yule mtoto amesimama na mwiko kazi yake kukoroga. Nikapewa kikombe, na baba mtu akajimiminia chake.

Ndugu mfugaji, kunywa maziwa yako bila wasiwasi. Yachemshe kwanza. Na ng'ombe akitupa mimba, nipigie hata kama ni usiku. Safari hii nitakuja.

Wiki ijayo, mabingobingo.